Nyumba Ni Ghala: Nani Atabeba Hasara Siku ya Hatari?

Mavuno yameingia. Mahindi iko ndani ya magunia, samaki wa Luapula wanauzwa, na feza kidogo imefika mikononi. Huu ndio wakati wanachama wengi wa koperative zetu huku Kasenga wanaanza kuwaza mambo ya nyumba. Mmoja anataka kutosha majani na kuweka tole. Mwingine anataka kununua parsele ku Lubumbashi, kilometa kama 200 kutoka hapa, ili watoto wasome. Ni mawazo mazuri. Lakini huu pia ni wakati wa moto wa pori, wakati wa wezi, na wakati wa watu wanaouzisha parsele isiyo yao.

Sisi maagronome tumezoea kuwaongelea juu ya mbegu na mbolea. Kama leo tunaongea juu ya nyumba, ni kwa sababu kwa mkulima nyumba si mahali pa kulala tu. Ndani mwake muko mbegu za mwaka kesho, majembe, nyavu, feza ya mauzo na chakula cha miezi ya njaa. Nyumba ikiungua mwezi wa nane, shamba la mwezi wa kumi na moja limeungua pamoja nayo.

Kwa hiyo swali letu ni hili: siku ya hatari, nani atabeba hasara pamoja nawe?

Asiransi si likelemba

Asiransi, ile Kiswahili cha vitabu kinaita bima, ni watu wengi kutoa feza kidogo kidogo ili yule atakayepata hatari asaidiwe. Wengi wanaichanganya na likelemba. Katika likelemba kila mtu iko na zamu yake: ulitoa, utapata. Katika asiransi anapata yule aliyeumia peke yake. Kama mwaka umepita na nyumba yako imesimama, hupewi kitu, na feza yako haikuibwa. Ilimjengea jirani. Mwaka kesho ya jirani inaweza kukujengea wewe.

Katika inchi yetu, kwa muda mrefu kazi ya asiransi ilifanywa na kampuni moja tu ya Serikali, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966. Loi namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zilipewa ruhusa. Biro ya Serikali inayozichunga inaitwa ARCA. Mtu akija kukuuzisha asiransi, umuulize kwanza: kampuni yako iko na ruhusa ya ARCA? Kama hawezi kuonyesha, usitoe hata franga moja.

Lakini tuseme ukweli. Mama mmoja alituuliza katika mkutano: «Nyumba yangu iko ya majani, asiransi itanifanya nini?» Swali lake ni la haki. Kampuni inatafuta nyumba ya matofali ya kuchoma, tole, na karatasi zinazoonyesha mwenyewe ni nani. Kwa wengi wetu vijijini, mlango huo bado umefungwa. Hata hivyo haina maana kwamba hatuna la kufanya.

Kwa yule ambaye tayari iko na nyumba ya kudumu na karatasi, mambo matatu ya kusoma ndani ya mkataba kabla ya kutia sahihi:

- Hatari gani zimeandikwa? Moto peke yake? Upepo? Maji? Wizi? Ile haikuandikwa, hailipwi.
- Sehemu gani ya hasara utabeba mwenyewe, na siku ngapi umepewa za kutoa habari baada ya hatari?
- Bei ya nyumba uliyotangaza ni ya kweli? Ukiipunguza ili ulipe kidogo, utaumia. Tuseme nyumba ya dola 10,000 umeiandikisha kwa dola 5,000, ni kusema nusu. Moto ukiharibu vitu vya dola 4,000, kampuni inaweza kukulipa nusu tu ya hasara: dola 2,000.

Moto unachoma nyumba moja, mto unachukua kijiji

Kabla ya kuanzisha msaada wowote, koperative inapaswa kutenganisha hatari za aina mbili.

Ya kwanza ni ile inayopiga mtu mmoja mmoja: jiko limewasha majani ya nyumba, mwizi ameingia, radi imepiga. Nyumba moja inaanguka, zingine 39 zimesimama. Hapo majirani wanaweza kubeba mzigo, juu wao hawakuguswa.

Ya pili ni ile inayopiga watu wote siku moja. Luapula ikipanda, haichagui. Yule angekusaidia, naye iko anahamisha vyombo vyake. Mfuko wa kijiji kimoja hauwezi kushinda hatari hiyo, hata viongozi wake wawe waaminifu namna gani. Utaisha kwa siku moja, kisha watu watasema feza imeliwa. Dawa ya maji ni kujenga mahali pa juu, na ni kushirikiana na koperative za mbali na mto, ili siku sisi tunalowa wao wawe wakavu.

Tusisahau kwamba maji ya Luapula yanatoka mbali, kwenye mabwawa ya Bangweulu kule Zambia. Mto unaweza kuendelea kupanda hata wakati mvua ya kwetu imeanza kupungua. Kwa hiyo anayenunua kiwanja karibu na mto asiangalie mbingu, wala asije kukiona mwezi wa tisa peke yake, wakati kila mahali ni pakavu. Aulize wazee na wavuvi: maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote? Waonyeshe mti au kichuguu. Ajenge juu ya alama hiyo.

Mfuko wa kusaidiana: hesabu ndogo

Kwa hatari ya aina ya kwanza, tunapendekeza kila koperative iwe na mfuko wa nyumba. Tuchukue mfano. Wanachama 40, kila mmoja anatoa franga 2,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni franga 80,000. Kwa mwaka ni franga 960,000. Si feza ya kujenga nyumba nzima, lakini inaweza kusaidia familia kupata tole na mbegu ili isikose msimu.

Ili mfuko usife, masharti haya yaandikwe na kusomwa mbele ya watu wote:

1. Msaada uwe na mwisho wake. Katika mfano wetu, sehemu moja ya tatu ya mfuko, ni kusema franga 320,000, kwa kila tukio. Hivyo hata familia tatu zikipata hatari mwaka mmoja, hakuna itakayorudi mikono mitupu.
2. Mwanachama mpya angoje miezi mitatu. Mtu asiingie leo kwa sababu ameona moshi.
3. Msaada utolewe kwa vitu: tole, misumari, mbegu. Feza taslimu inaleta maneno.
4. Watu watatu wachunge mfuko, mmoja wao awe mama, na feza isitoke bila sahihi mbili. Hesabu isomwe kila miezi mitatu.
5. Kabla ya kiangazi kukolea, kamati ipite nyumba kwa nyumba. Yule hakusafisha kuzunguka nyumba yake, akiungua, apate nusu.

Sharti la tano ndilo watu wanalikataa sana. Wanasema ni ukali. Lakini bila hilo, anayejichunga anamlipia asiyejichunga, na mwishoni wote wanaacha kutoa.

Tena, mfuko huu usiitwe asiransi na usiuzwe kwa watu wa inje. Kazi ya asiransi inaomba ruhusa ya ARCA. Wetu ni msaada wa wanachama kwa wanachama.

Kupunguza hatari kabla ya kuilipia

Moto. Mwezi wa sita, usafishe udongo uwe mtupu kuzunguka nyumba na ghala, upana wa hatua tano au zaidi. Usiegemeze mabua ya mahindi kwenye ukuta. Jiko liwe mbali na ghala, upande ambao upepo wa kiangazi hautarudisha cheche. Kuchoma shamba bila kuwaambia majirani kukatazwe kabisa katika sheria za koperative.

Upepo. Mvua za kwanza zinakuja na upepo mkali, na paa nyingi zinang'olewa wakati huo. Mara nyingi kosa haliko kwa tole, liko kwa mti wa juu ambao umewekwa tu juu ya ukuta. Wakati wa kujenga, pitisha waya wa chuma chini ya mistari mitatu au mine ya mwisho ya matofali, kisha ufunge mti wa paa nayo. Ni waya ya bei ndogo inayoshika paa la bei kubwa.

Mchwa. Tunajenga kwa udongo wa kichuguu, halafu tunashangaa mchwa akirudi kwake! Miti isigusane na udongo, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwizi. Anayejua umeuzisha mahindi jana, anajua feza iko wapi leo. Feza ya koperative isilale kwa nyumba ya rais wala ya mtunza feza. Ipelekwe benki, au iwekwe kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na namba ya siri isiambiwe mtu, hata mtoto anayekusaidia kutuma. Mbegu zigawanywe mahali pawili. Mwizi akishikwa, apelekwe polisi. Kumpiga hakurudishi gunia.

Radi. Radi inapiga kwa sababu ya mawingu, haitumwi na jirani. Mfuko ulipe, na mzee wa pembeni asishitakiwe.

Anayenunua: karatasi mbele ya feza

Hasara kubwa kuliko moto ni kununua nyumba kwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Moto unaacha kiwanja. Karatasi mbaya inachukua vyote, na hakuna mfuko utakaokulipa.

Loi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayohakikisha haki hiyo ni moja: ile imeandikwa juu yake «certificat d'enregistrement». Karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi. Fiche ya parsele ya ku komine haitoshi. Sahihi ya shefu wa avenue haitoshi. Ni njia ya kufikia, lakini si mwisho wa safari.

Kwa yule anayetaka kununua ku Lubumbashi:

- Uombe namba ya sertifika, kisha uende mwenyewe ku biro ya konservatere wa ardhi, wakuhakikishie ndani ya kitabu chao. Usitume komisionere. Yeye analipwa ukinunua, si ukikataa.
- Uulize kama kuna deni la benki ao kesi juu ya parsele.
- Mtu wa kadastre apime mipaka mbele ya majirani. Uongee nao, wanajua kama kuna ndugu wengine wa urithi.
- Bwana na bibi wote watie sahihi. Kama mwenyewe alikufa, warithi wote wakubali.
- Ulipe kwa benki ao mbele ya mashahidi, na ufuate mpaka sertifika itoke kwa jina lako. Kulingana na loi, ikishapita miaka miwili tangu kutolewa, ni vigumu sana mtu kuishambulia.

Na vijijini? «Minaikala humu tangu zamani, kila mutu anajua ni kwangu.» Tunasikia neno hili kila siku. Ni kweli, mpaka siku wale waliojua wamekufa. Loi ya 1973 iliachia haki za ardhi ya kimila zipangwe na ordonansi ya Rais, na miaka makumi ikapita bila ordonansi hiyo. Kwa hiyo tusingoje. Muandike karatasi na shefu wa kijiji na shefu wa grupema: majina ya bwana na bibi, mipaka kwa miti na njia, sahihi za majirani wa pande zote, tarehe. Nakala moja ikae kwa koperative, mahali tofauti na nyumba yenyewe, juu karatasi nayo inaungua. Haina nguvu ya sertifika, lakini mbele ya tribinali ao mbele ya anayekuja kupima ardhi, mwenye karatasi na mashahidi anasikilizwa kuliko mwenye maneno matupu. Mjane ndiye wa kwanza kuihitaji.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila koperative iweke mambo manne kwenye ajenda: kuhesabu nyumba zilizo chini ya alama ya maji, kuchagua watu watatu wa mfuko, kupanga siku ya kusafisha kuzunguka nyumba zote, na kununua sanduku la chuma la kuchungia nakala za karatasi. Wakati wa matembezi yetu tutapita kusaidia kuandika masharti na kuchora mipaka. Wale ambao tayari wamejaribu mfuko kama huu, watuambie ulipofaulu na ulipokwama, ili wengine wasianguke shimo lile lile.