Kazi ya mikono inaweza kuwa somo

Kila mutu aliyesoma hapa Bukavu anajua kazi ya mikono. Unakuja na fagio ao kupekupe, munafyeka kiwanja, munarudia nyumbani. Aliyechelewa anaongezewa sehemu yake kama azabu. Batoto banamaliza sekondari bakifikiri jembe ni azabu. Mimi niliyesoma kilimo, hiyo inaniuma.

Kuna namna ingine, ile Bamarekani balianza kuipatia jina miaka ya 1960: kujifunza kwa kutumikia batu. Si salongo yenye jina jipya. Salongo ikiisha, imeisha. Huku, kazi inatoka ndani ya somo na inarudia ndani ya somo, na kuna mutu inje ya masomo anayepata faida.

Angalia machupa na masasheti. Mvua ikinyesha, yanatelemuka mu mitaro mupaka mu ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatokea ku Ruzizi, na pale karibu iko baraji ya Ruzizi I: plastiki inaziba mashini, umeme unakatika. Mutoto akiokota chupa bila kuelezwa hiyo, ameokota tu uchafu. Lakini mwalimu akimufanya ahesabu chupa za juma moja (ku kando ya mutaro, asiingie ndani!), achore njia ya maji kutoka ku avenyi yake mupaka ku baraji, kisha aende kuelezea bajirani, hapo hesabu na jografia zimekutana na giza ya kwao nyumbani.

Mimi lakini ningeanza na uchafu unaooza, juu ndio iko mingi. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani. Lundo la mita moja kila upande linatosha: tabaka kavu, tabaka bichi, udongo kidogo, maji, na kupindua kila wiki mbili. Kisha siku chache, ingiza fimbo katikati, itatoka ya moto. Tuviumbe tudogo ndani tunakula, na tukikula tunatoa joto. Batoto bapime, baandike. Tangu masomo ya musingi yalifanywa bure mu 2019 vyumba vimejaa, basi kumi bapindue, bengine bapime, wiki ijayo babadilishane. Kisha miezi mitatu hivi mbolea iko tayari, mupande lengalenga. Kisha mwezi moja hivi munavuna.

Na hapa njo pagumu: lengalenga ni ya nani? Bazazi bengi banaogopa mutoto wao asigeuzwe mulimaji wa mwalimu, na hawaogope bure. Kwa hiyo, mbele ya kupanda, darasa na komite ya bazazi bakubaliane mavuno yanaenda wapi, kwa mufano ku kituo cha afya kinachopokea batoto ba kwashiorkor, na baandike hiyo ku ukuta. Mwalimu akitaka fungu, anunue. Kazi ifanyike mu saa ya sayansi, hapana saa saba, wakati mutoto iko na njaa. Na batoto benyewe njo bapeleke mboga pale, baulize muuguzi kwa nini mutoto wa kwashiorkor anavimba miguu, na kama lengalenga peke yake inatosha. Haitoshi, anahitaji maharagi, soya, ao sambaza. Somo la juma linalofuata limepatikana.