Hoteli Ndogo ya Chai Amagoro: Jirani ni Mteja, Naye Hupenda Kuandikiwa

Katika nchi ya Wateso wa Kenya, tangu Amagoro mpaka Malaba penye mto ugawanyao Kenya na Uganda, wako watu wengi wenye nia ya kufungua hoteli ndogo ya chai karibu na kwao. Msomaji wa mbali afahamu kwamba hoteli tunayoisema hapa si nyumba ya kulala wageni. Ni chumba cha mabati au cha udongo, chenye meza mbili tatu, mabenchi, jiko la kuni au makaa, birika kubwa na karai la mandazi. Watu wa pwani wangeiita mkahawa, ingawa huku bara kahawa yenyewe haimo, na chai ya maziwa ndiyo mfalme.

Kazi hii yaonekana kuwa rahisi, maana kila nyumba yajua kupika chai. Lakini hoteli nyingi za namna hii hufunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimya kimya, na fedha iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe, au iliyotolewa na chama cha akina mama, haionekani tena. Yafaa basi tuangalie mambo yanayoiinua hoteli ya mtaani, na yale yanayoiangusha.

MAHALI PA KUIWEKA

Jambo la kwanza ni mahali. Reli ya kwenda Uganda ilipita huku katika miaka ya 1920, na barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi yapita Amagoro kabla ya kufika mpakani Malaba. Kwa hiyo mtu akiwaza habari ya wateja, macho yake hukimbilia malori. Husema moyoni, "Nitawauzia madereva, nao wana fedha."

Ni kweli, madereva wana fedha, lakini hawana mtaa. Shughuli za forodha zikienda upesi, lori hupita bila kusimama. Zikikawia, madereva hujaa kila mahali, na sufuria haitoshi. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walipopimwa mpakani, malori yalisimama katika misururu ya kilomita nyingi. Kisha misururu ile ikapungua. Mwenye hoteli anayewategemea wapita njia peke yao ni kama mkulima anayengoja mvua asiyoijua majira yake.

Mteja wa mtaani hana haraka wala wingi, lakini hurudi. Huyu ni mwalimu anayekunywa chai kabla ya kengele, fundi wa baiskeli, mama aliyetoka kumwona mgonjwa hospitalini Kocholia, mtu aliyeitwa katika ofisi za Serikali akaambiwa angoje, na kijana wa bodaboda. Hata neno hilo bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu wa Busia, ambapo vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu kutoka forodha ya upande mmoja mpaka ya upande wa pili. Watu hao wakizoea kikombe chako, watakuja siku ya mvua na siku ya jua.

Neno moja la hadhari: usijenge katika ardhi ya hifadhi ya barabara, hata kama wengine wamejenga. Siku ya kubomolewa haiulizi chai yako ilikuwa tamu kiasi gani.

CHUNGU NA KIKOMBE

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni ujirani wenyewe. Wateso wanajulikana kwa ajono, pombe ya wimbi ambayo watu hunywa wakiwa wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Ivan Karp, aliyekaa na Wateso wa Kenya na kuandika kitabu juu yao mwaka wa 1978, aliandika pia juu ya unywaji huo, akaonyesha kwamba chungu kile ni shule ya ujirani. Hapo watu husalimiana na kuzungumza, na hujulikana nani ana kinyongo na nani. Mtu akiwaita jirani kumsaidia kulima, ajono ndiyo shukrani yake.

Hoteli ya chai yaweza kuwa mahali pengine pa namna hiyo, penye faida kwa wale wasioketi penye chungu: mwanamke anayerudi sokoni, kijana asiyekunywa pombe, mwalimu anayetaka kusoma gazeti kwa utulivu. Lakini hapa ndipo mtego ulipo. Nyumbani kwako jirani ni mgeni, nawe waona haya kumdai. Hotelini ni mteja, naye yampasa kulipa. Ni mtu yule yule, na pengine ni shemeji yako. Asubuhi aja akinyosha mkono, "Mama, nipe chai na mandazi mawili, halafu niandikie." Nani ataweza kumkatalia?

HESABU YA KIKOMBE

Na tufanye hesabu, bei zikiwa za mfano tu. Tuseme kikombe chauzwa shilingi 20, na maziwa, sukari, majani na kuni za kikombe hicho ni shilingi 14. Faida ni shilingi 6. Ukiuza vikombe 40 kwa siku na wote wakalipa, umepata shilingi 240. Wakiandikiwa watu 8 wasilipe, faida yako yashuka mpaka shilingi 80, wala si 192 kama wengi wadhaniavyo, kwa sababu umepoteza faida pamoja na gharama uliyokwisha kuitoa. Wakiwa 12, hukupata hata senti moja. Umeamka alfajiri, umepuliza moto, umeosha vikombe 40, nawe umefanya kazi ya bure. Wakizidi 12, sasa wewe ndiwe unayewalipa watu wanywe chai.

Hesabu hii si mpya. Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945, askari wengi wa Kenya waliorudi kutoka Burma na kwingineko walitia akiba zao katika maduka na hoteli za vijijini. Wengi wao walianguka, maana maduka ya namna moja yalikuwa mengi mahali pamoja, na hesabu hazikuandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo uwe na madaftari mawili. La kwanza ni la kila siku: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. La pili ni la deni: jina, tarehe, kiasi, na siku ya kulipa. Weka mpaka wa deni kwa kila mtu, naye aujue tangu mwanzo. Anayepata mshahara wa mwezi aweza kungojewa. Asiye na mshahara aandikiwe kidogo tu. Na chai inayonywewa na watoto wako au ndugu zako iandikwe pia, maana ni maziwa yale yale.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, wateja wengi hulipa kwa simu. Ni jambo jema, lakini fedha ya hoteli isichanganywe na ya nyumbani. Ama fedha ya Uganda, yafaa uulize kiwango chake kila asubuhi. Babu zetu hawakuwa na taabu hiyo, kwa kuwa kabla ya mwaka wa 1966, ambapo kila nchi ilianza kutoa fedha yake, shilingi ilikuwa moja pande zote mbili.

USAFI NA SHERIA

Biashara ya chakula yataka kibali, na tangu mwaka wa 2013 mambo ya vibali yamo mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Busia. Kila anayepika au kuandaa chakula hupimwa afya, na cheti chake hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Wengine humwona Bwana Afya kama adui, lakini homa ya matumbo ikitoka katika kikombe chako, mtaa mzima utajua kabla ya jua kuchwa, na hakuna tangazo litakalowarudisha watu. Weka maji yenye bomba na sabuni mlangoni, chemsha maji ya kunywa, funika mandazi, na vikombe visioshwe siku nzima katika maji ya beseni moja.

Katika vyakula, anza na vichache unavyovijua. Chai, uji wa wimbi, mandazi, viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha vyatosha mwanzo. Baadaye, wateja wa mchana wakiongezeka, weka atapa na mboga, chakula ambacho Mteso hahitaji kuelezwa.

Anayefungua hoteli mtaani anawategemea watu wanaomfahamu tangu utoto. Mwenye hekima humkaribisha jirani kwa uchangamfu wote, humwuliza habari za nyumbani, humpa kikombe safi kilichojaa, kisha huipokea shilingi yake bila kuona haya. Siku akitaka kumkirimu, na amkirimu nyumbani jioni, kwa chai ya sufuria nyingine.