Kiongozi Akikosea Mtandaoni, Nani Anamsahihisha?

Bumu likichelewa tu, hapa UDOM inazuka barua. Ina nembo, ina sahihi, ina muhuri, na inazunguka magrupu yote ya WhatsApp kabla hujamaliza chai. Wahakiki kama NuktaFakti na JamiiCheck kazi yao ni kupitia barua za namna hiyo na kutuambia ni feki. Wengi wetu tukisikia "kuhakiki taarifa" tunafikiria hilo tu: mtu kamtungia kiongozi maneno, mhakiki anamsafisha kiongozi.

Sasa geuza swali. Maneno kayasema kiongozi mwenyewe, na si kweli. Nani anamwekea alama?

Facebook walianza kushirikiana na wahakiki wa nje Desemba 2016. Mhakiki akithibitisha kwamba posti ni ya uongo, inabandikwa onyo na inapunguzwa kuonekana. Lakini Septemba 2019 kampuni ikaweka wazi kwamba maneno ya wanasiasa wenyewe hayapelekwi kwa wahakiki, kwa hoja kwamba haitaki kuwa refa wa siasa. Maana yake sentensi ileile mheshimiwa akiiandika inapita, wewe ukiiandika kama yako inaweza kubandikwa onyo. Mimi naona wamegeuza mambo juu chini, maana anayesikilizwa na mamilioni ndiye aliyesamehewa.

Twitter walithubutu kidogo: tarehe 26 Mei 2020 waliweka alama kwenye posti za Trump kuhusu kura za posta. Leo mtandao huo, ambao sasa ni X, unawaachia watumiaji wenyewe waandike noti chini ya posti, na noti haionekani mpaka watu ambao kwa kawaida hawakubaliani waikubali. Januari 2025 Zuckerberg naye akatangaza kwamba Marekani wanaachana na wahakiki na kufuata mtindo huo wa noti.

Na kampuni ikiigusa serikali? Waulize Waganda. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook iliondoa akaunti bandia ilizosema zinahusiana na kitengo kimoja cha Wizara ya TEHAMA. Museveni akaifunga Facebook nchi nzima.

Kwetu kuna kikwazo kingine, cha kipimio. Kauli ya serikali unaipima kwa takwimu, na takwimu rasmi zinatoka serikalini, kwa NBS wenye makao yao makuu hapahapa Dodoma. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya iwe kosa kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 ikalegezwa. Kumbuka corona. Hesabu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Juni, Rais Magufuli akiwa kanisani hapa Dodoma akasema Mungu ameuondoa ugonjwa. Mhakiki angefanyaje? Angepiga simu wapi, apewe namba gani? Hata angekuwa na nia njema ya kuithibitisha kauli ile, asingekuwa na cha kuishika, na takwimu mpya hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka.

Mwananchi wa kawaida hana msamaha wa Facebook. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha uongo akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukifowadi kauli ya mheshimiwa halafu ikaonekana ya uongo, utajitetea kwamba hukujua. Sawa, lakini utakuwa unajitetea ukiwa kituoni, na mtihani unaanza Jumatatu.

Noti za X? Mei 2025 X ilifungwa nchini. Septemba mwaka huohuo JamiiForums, nyumbani kwa JamiiCheck, ikasimamishiwa leseni kwa siku 90, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba, msimu ambao kauli za wanasiasa zilikuwa zinamwagika kila jukwaa.