Musumari: Neno Hili Limetoka Wapi?

Hapa Bweremana, kandokando ya ziwa Kivu, fundi wa mbao akiomba musumari, kila mutu anamufahamu. Lakini wengine hutuuliza kama neno hili ni la kwetu. Tuangalie basi asili yake.

Waarabu husema mismar. Kitenzi chao sammara maana yake ni kupigilia. Na mi- ya mwanzo huonyesha chombo cha kufanyia kazi, kama vile miftah, ufunguo, linavyotoka kwa fataha, kufungua. Waebrania, ndugu zao kwa lugha, husema masmer: ndiyo misumari ya milango ambayo mufalme Daudi aliiwekea chuma kingi (1 Mambo ya Siku 22, 3).

Neno lilipoingia katika Kiswahili, mi- ile ilisikilika kama mi- ya miti na mikono, yaani vitu vingi. Ndipo tunasema musumari mumoja, misumari miwili. Kinyarwanda vilevile chasema umusumari, imisumari. Hivi mugeni ametii sheria za nyumba.

Jambo hili si muchezo. Wako wanaotaka kufukuza katika mafundisho kila neno lenye asili ya Kiarabu. Wakifukuza musumari, watatuelezaje alama ambazo Mutume Tomasi alitaka kuziona (Yoane 20, 25)? Wataunda neno jipya, na mama muzee kanisani hatalifahamu. Tusiulize tu neno lilizaliwa wapi. Tuulize pia nani analifahamu leo.