Tiba Asili na Fangasi kwa Wenye Kinga Dhaifu (3): Utando Mweupe Mdomoni

Wiki iliyopita tulizungumzia fangasi wa ngozi. Leo tuingie mdomoni.

Mgonjwa wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, akishindwa kumeza hata ugali kwa usipa kwa sababu ulimi umefunikwa na utando mweupe, mara nyingi tiba huanzia nyumbani: anachemshiwa magome au mizizi, asukutue. Tusimcheke. Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima mimea ambayo waganga wa Tanzania huitumia dhidi ya fangasi wa Candida. Mimea kadhaa ilizuia fangasi hao kukua, ikiwemo Albizia anthelmintica na Balanites aegyptiaca.

Hata hivyo, kipimo hicho kilifanyika maabara. Mganga anayekadiria kwa kiganja hajui nguvu ya dawa iliyomo sufuriani, na mizizi mingine, kama ya Securidaca longipedunculata, ni sumu ikizidi.

Kuna jambo kubwa zaidi. Candida huishi midomoni mwa watu wengi bila kuwadhuru, kwa kuwa kinga ya mwili huwadhibiti. Kinga ikishuka, huzaliana. Kisukari au matumizi ya muda mrefu ya antibayotiki huweza kusababisha hayo, lakini kwa mtu mzima VVU ni sababu ya kuchunguzwa mapema. Shirika la Afya Duniani huweka utando wa mdomoni unaodumu katika hatua ya tatu ya maambukizi ya VVU; ukiteremka kwenye umio, hatua ya nne.

Kwa hiyo dawa ya kusukutua, hata ikiusafisha ulimi, haiipandishi kinga. Nystatin au fluconazole huwaondoa fangasi. Kwa mwenye VVU, dawa za kufubaza virusi (ARV) ndizo huirudisha kinga ili wasirejee. Na kinga ikiwa chini sana, fangasi wengine, Cryptococcus, hufika kwenye ubongo na kuleta maumivu makali ya kichwa, homa na shingo kukakamaa. Hapo usisubiri chungu kichemke: wahi hospitali.

Ndugu msomaji, ukiona utando huo, nenda ukapime. Ukiwa unatumia mizizi, mwambie muuguzi ni mizizi gani, bila haya. Na yeyote atakayekushauri uache ARV ili dawa yake ifanye kazi, mkimbie.

Itaendelea.