Upepo Hauna Mwenyewe, Ardhi Ina Wenyewe

Watu wa mwambao hawana haja ya kufundishwa nguvu ya upepo, kwa kuwa karne nyingi kabla ya meli za mvuke, kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao, na biashara yote ya pwani ilikwenda kwa miadi ya pepo mbili hizo. Jipya la zama zetu ni kuutoa umeme katika upepo, tena umeme wa kutosha miji na viwanda. Na madhali jambo hilo limekwisha kutendeka katika Afrika ya Mashariki, ni afadhali tupime faida na hasara zake kwa mfano tuuonao kuliko kwa dhana.

Mfano wenyewe uko Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana. Huko, baina ya mlima Kulal na safu ya Nyiru, upepo wa mashariki hubanwa na milima ukazidi kasi, nao huvuma karibu mwaka mzima kwa wastani wa mita 11 hivi kila sekunde. Kasi hiyo ina maana kubwa kuliko isikikavyo, kwa sababu upepo ukizidi mwendo mara 2, nguvu iliyomo ndani yake huzidi mara 8. Ndiyo sababu wenye maarifa ya kazi hii hukubali kwenda baidi, penye mawe na jua kali, badala ya kusimamisha mitambo yao karibu na mji wenye upepo wa wastani.

Mitambo 365 imesimamishwa hapo, na ikizunguka yote kwa ukamilifu hutoa megawati 310. Kila mnara una kimo cha mita 44, na juu yake kuna kichwa chenye giaboksi na jenereta, ambacho hujigeuza chenyewe kuukabili upepo, na mbele yake mabawa 3 marefu. Upepo ukifika mita 4 kwa sekunde umeme huanza kutoka; ukifika mita 25, mabawa hujipinda yakauelekezea makali yake ili upite bila ya kuyasukuma, na mtambo husimama usije ukavunjika, kama nahodha ashushavyo tanga aonapo tufani inakuja.

Faida zake ni bayana. Mtambo wa upepo hauli mafuta, hautoi moshi wala majivu, na nchi inayoutumia haitumii fedha za kigeni kununua mafuta ya kuchoma usiku na mchana. Aidha, upepo huusaidia umeme wa maji, ambao tumeuona ukitutupa mkono katika miaka ya ukame: Kenya mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2006 ziligawa umeme kwa zamu kwa sababu mabwawa yalikauka. Leo takriban sehemu 9 katika 10 za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na hilo ni jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalifikia. Nalitaja kwa fahari, na nataka msomaji alikumbuke ninapoyasimulia yafuatayo.

Upepo hauji kwa kuitwa. Loiyangalani aghalabu huvuma zaidi usiku wa manane na alfajiri, ilhali watu huhitaji umeme zaidi jioni, wanapowasha taa na kupika. Na kwa kuwa mkataba wa miaka 20 unalazimisha umeme huo ulipiwe hata usipochukuliwa, imetokea usiku visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria vikaachiwa vitoe mvuke wake hewani bure, ili umeme wa upepo upate nafasi. Basi neema moja huipisha nyingine, na mwananchi hulipia zote mbili. Dawa ipo, nayo ni kuuhifadhi umeme katika betri kubwa au kuuza ziada kwa majirani, lakini dawa hiyo ina gharama yake.

Tena umeme hauna faida mpaka umfikie mtumiaji. Minara ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ya kilomita 428 mpaka kituo cha umeme cha Suswa haikuwa imekwisha, kwa kuwa kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi ilifilisika. Mitambo ikakaa bure, na serikali ikalazimika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeuona. Njia ilikamilika mwaka 2018. Hata baada ya hapo, mwezi wa Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwamo. Shirika la umeme lilisema chanzo ni kukatika kwa umeme wa Loiyangalani, wenye mitambo wakajibu kuwa wao ndio walioangushwa na hitilafu ya gridi.

Ndege nao wana haki yao. Tai mzoga arukapo huinamisha macho kutafuta mzoga chini, na kwa hiyo haoni bawa lililo mbele yake. Huko Kipeto, Kajiado, penye mitambo 60, wamewekwa walinzi wenye darubini, ambao wamwonapo tai akikaribia hutoa amri mtambo usimamishwe mpaka apite.

Haya yote, hata hivyo, ni matatizo ambayo ufundi na fedha huweza kuyatengeneza. Lililo zito kuliko yote ni ardhi. Ekari 150,000 za Marsabit zilikodishwa na baraza la kaunti la wakati huo, nazo ni malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na jamaa zao, ambao tangu mababu walihamisha mifugo yao humo kwa kufuata mvua, na ambao hawakuwa na hati kwa kuwa hawakupata kuihitaji. Kijiji cha Sarima kilihamishwa. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kuwa hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, miaka kadhaa baada ya mitambo kuanza kuzunguka. Nyaya zile hupita juu ya vichwa vyao kwa nguvu ya volti 400,000, ambayo haiwezi kuingia nyumbani bila ya kituo cha kuipunguza, na vijiji vya jirani vilikaa miaka katika giza chini ya umeme wao wenyewe. Hiyo ni dhulma, na usafi wa hewa hauwezi kuifuta.

Huko Kinangop mambo yalikwenda vibaya zaidi: wakulima walipinga mradi wa upepo wa megawati 60, mtu akauawa katika ghasia za mwaka 2015, na mwaka uliofuata mradi ukaachwa kabisa. Mradi wa Kipeto haukupata kisa hicho, kwa sababu wenye mashamba walikuwa na hati mikononi. Wao wenyewe ndio walioikodisha ardhi yao, na jamii ikapewa hisa 5 katika 100 za kampuni. Kenya imekuwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii tangu 2016, ambayo huruhusu malisho ya pamoja kuandikishwa kwa jina la jamii nzima, lakini uandikishaji umekwenda kwa kujikokota. Kaskazini mwa Kenya kuna upepo mwingi ambao haujaguswa, na wanaotaka kuutumia watakuja. Uandikishaji huo ukamilishwe kabla hawajafika, ili siku watakapokuja kukodi wamkute mwenyewe nyumbani, na hati yake mkononi.