Maasai Cricket Warriors

Maasai Cricket Warriors ni timu ya kriketi ya ridhaa ya vijana Wamaasai kutoka kaunti ya Laikipia nchini Kenya.

Kriketi ililetwa Kenya na Waingereza, na kwa muda mrefu ilichezwa hasa mijini, zaidi na Wakenya wenye asili ya Kihindi. Vijana wa Laikipia waliianza mwishoni mwa miaka ya 2000, walipofundishwa na Aliya Bauer, mtafiti wa nyani kutoka Afrika Kusini.

Huvaa shuka na shanga hata uwanjani. Mara nyingi urushaji wao wa mpira hulinganishwa na kurusha mkuki. Mbio za kuanzia zinafanana kweli, lakini kanuni za kriketi zinamkataza mrushaji kukunjua kiwiko wakati wa kurusha, kwa hiyo mkono uliozoea mkuki hulazimika kujifunza upya.

Timu inajulikana zaidi kwa kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji kote Kenya, lakini desturi iliendelea, kwa sababu msichana asiyekeketwa alihesabiwa hafai kuolewa. Hapo ndipo neno la morani lina uzito kuliko la mgeni yeyote: yeye ndiye mwoaji. Akisema hadharani kwamba atamwoa msichana asiyekeketwa, wazee hubaki na hoja chache.

Mwaka 2012 timu ilishiriki mashindano ya Last Man Stands mjini Cape Town, ambako kila upande una wachezaji wanane. Filamu ya hali halisi kuwahusu, Warriors, iliyoongozwa na Barney Douglas, ilitolewa mwaka 2015.